Siri ya Mtungi Aijuaye Kata: Mwanamke na Upelelezi katika Riwaya ya Kiswahili

Kinyangiri ni kata mojawapo ya Wilaya ya Mkalama, katika Mkoa wa Singida, nchi ya Wanyiramba, mwendo mrefu kutoka pwani. Wilaya yenyewe ni changa, kwa maana ilitengwa na Wilaya ya Iramba mwaka wa 2012. Lakini jina la Mkalama ni la zamani, na Wajerumani walikuwa na boma lao huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mtu anayeandika habari za riwaya ya Kiswahili hana desturi ya kuanzia mahali kama hapo. Huanzia Unguja, au Mombasa, au Dar es Salaam, miji ambamo wasimulizi wakubwa walizaliwa na vitabu vilipigwa chapa. Hata hivyo, iko sababu ya kuanzia Uiramba safari hii, na sababu hiyo ni mtu mmoja aliyeshika lugha mbili.

Mtu huyo ni Frederick Johnson, ofisa Mwingereza katika serikali ya Tanganyika. Katika miaka ya 1920 alitoa maelezo ya sarufi ya Kinyiramba katika jarida la Bantu Studies la Afrika ya Kusini, na mwaka wa 1931 jarida hilo hilo likachapa mkusanyo wake wa hadithi za Kinyiramba. Ilipoundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki mwaka wa 1930, yeye ndiye aliyekuwa Katibu wake wa kwanza. Kamusi kubwa ya Kiswahili Sanifu iliyotokea mwaka wa 1939, miaka 2 baada ya kufa kwake, ina alama ya mkono wake tangu ukurasa wa kwanza. Na ni mkono huo huo uliowaletea wanafunzi wa Afrika ya Mashariki vitabu vya vituko na siri: *Kisiwa chenye Hazina* na *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, vyote viwili vikiwa tafsiri za mwaka wa 1929. Basi mlango ambao hadithi ndefu ya fumbo ya kizungu ilipitia kuingia katika nathari ya Kiswahili ulishikwa na mtu aliyekaa akasikiliza ngano za Wanyiramba.

Jambo hili lingeweza kubaki kuwa habari ndogo ya historia ya elimu, lau kama vitabu hivyo visingalikuja na watu wao. Katika *Kisiwa chenye Hazina* wanawake ni kama hawamo. Katika *Mashimo ya Mfalme Sulemani* yumo mmoja asiyesahaulika, ajuza Gagool, ambaye kazi yake ni kuwanusa wachawi kati ya watu na kuwatoa wauawe, na ambaye peke yake anaijua njia ya kuingia katika chumba cha hazina. Yeye ndiye mwenye siri, na kwa sababu hiyo yeye ndiye mwovu. Msomaji wa shule aliyekifunga kitabu hicho alikuwa amejifunza, pamoja na mengine, kwamba mwanamke anayejua mno ni wa kuogopwa. Kwa nchi kama Singida somo hilo halikuwa geni, wala halikuwa la mchezo.

Kifo kisichoelezeka ndicho chanzo cha riwaya nyingi za upelelezi. Lakini watu walikuwa wakiviuliza maswali vifo vya namna hiyo zamani sana kabla ya riwaya kuzaliwa. Kijana mwenye afya akifa ghafla, au mtoto akifa bila ugonjwa kujulikana, wafiwa hawakuridhika na neno la kwamba amekufa tu. Walikwenda kwa mpiga ramli, na ramli ilikuwa na desturi zake, ushahidi wake na hukumu yake. Mpiga ramli alikuwa ndiye mpelelezi. Alisikiliza, akauliza habari za ugomvi wa shamba na wa urithi, akapima nani ana chuki na nani, kisha akatoa jina, au akatoa dalili ambazo wasikilizaji wenyewe walizigeuza kuwa jina. Na jina hilo mara nyingi lilikuwa la mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea.

Serikali ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka wa 1928, lakini sheria haikuziba kisima hiki. Baada ya Uhuru, na hasa tangu miaka ya 1970, mauaji ya vikongwe katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Tabora, na katika nchi zinazopakana nayo, yamekuwa msiba unaojulikana Tanzania nzima. Na wengi wa waliouawa ni wanawake. Nyuma ya kila kifo cha namna hii kuna upelelezi uliokwenda upande. Kulikuwa na swali la haki, yaani fulani amekufa kwa nini. Pakawa na muulizaji mbaya, na mtu asiye na kosa akalipa kwa damu yake. Basi swali la nani anastahili kuuliza si swali la watunga hadithi peke yao.

Singida ina kumbukumbu nyingine ya jambo hili. Katika miaka ya 1946 na 1947 watu wengi walikufa katika Unyaturu, nchi jirani ya Uiramba, na miili yao ilionekana kuwa imeraruliwa na simba. Baadaye serikali ilishika kwamba baadhi ya vifo hivyo vilikuwa kazi ya watu, si ya wanyama. Wengi wakakamatwa, wakashtakiwa, na wako waliohukumiwa kunyongwa. Dunia ya nje ikazijua habari hizo kwa jina la watu-simba wa Singida. Lakini majalada yalipofungwa fumbo halikufunguka. Mwaka wa 1962 mtaalamu Mmarekani, Harold Schneider, aliyepata kuishi na Wanyaturu na kuchungua mila zao, alichapisha makala ya kulipima upya jambo lote. Kama mtaalamu anaona haja ya kulipima upya jambo miaka 15 baada ya mahakama kuamua, ni dhahiri kwamba hukumu ni kitu kimoja na ukweli ni kitu kingine. Kati ya viwili hivyo ndipo riwaya ya upelelezi inapopata makao yake.

Kabla ya kuitazama riwaya yenyewe, yafaa kuyatazama maneno, kwa kuwa maneno ya kazi hii yana historia inayoonyesha mengi. Mpelelezi hutokana na kitenzi peleleza, chenye maana ya kuchungua kwa siri, kama vile mtu atumwavyo kwenda kuitazama nchi ya adui. Wakristo wamelisoma katika habari za watu 12 ambao Musa aliwatuma kuipeleleza Kanaani. Na Waislamu wanajua kwamba Qur'ani, katika sura ya 49, inakataza watu kupelelezana aibu zao. Kwa hiyo neno hili, tangu zamani, lina kivuli. Anayepeleleza ama ametumwa vitani, ama anatenda lisilopendeza. Hawi mtu mwema mpaka apewe ruhusa.

Serikali za kikoloni zilitoa ruhusa hiyo, na watu wakapata jina lingine: askari kanzu, yaani askari wa upelelezi asiyevaa sare. Jina lenyewe latosha kuonyesha ni nani aliyefikiriwa. Kanzu ni vazi la mwanamume. Askari aliyetaka kujichanganya na watu ili asijulikane alivaa kama mwanamume mwingine yeyote wa mtaani, akaketi barazani au msikitini au kilabuni, mahali ambapo wanaume hukaa. Hakuna jina lililosikika la askari kanga. Nyumba, jiko, kisima na chumba cha mzazi, mahali ambapo habari nyingi za ndani hupita, vilibaki nje ya macho ya kanzu.

Je, mwanamke aliyeuliza maswali aliitwaje? Lugha haikukosa majina. Aliitwa mbea, akaitwa mdaku, akaambiwa ana kiherehere. Mwanamume aliyetaka kujua ni nani aliyetoka nyumba ya jirani usiku alikuwa anafanya upelelezi. Mwanamke aliyelitaka jambo hilo hilo alikuwa anafanya umbea. Tofauti si ya tendo, wala si ya akili inayohitajiwa. Ni tofauti ya ruhusa. Na bado wenye lugha hii hii walitunga methali isemayo kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ndiyo inayoingia mtungini kila siku. Yajua kina cha maji, yajua tope lililokaa chini. Methali imekiri kile ambacho majina ya dharau yamekikataa.

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza rasmi katika mashindano ya kuandika hadithi yaliyofanywa na Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki mwaka wa 1957 na 1958. Mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, ambaye alikuwa amefanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti. Hadithi yake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilitoka kitabuni mwaka wa 1960, ikafuatwa na *Kisima cha Giningi* mwaka wa 1968, *Duniani Kuna Watu* mwaka wa 1973, na nyinginezo. Shujaa wake ni Bwana Msa, mvuta kiko, ambaye huandamana na rafiki yake Najum. Wasomaji wengi wamemwona kuwa ni ndugu wa Sherlock Holmes wa Conan Doyle, na undugu huo haufichiki.

Walakini mwenye kuishia hapo hajamwona Bwana Msa vizuri. Kwanza, Bwana Msa si askari. Hana cheo, hana bunduki, hana pingu. Inspekta Seif ndiye mwenye hivyo vyote, na bado anamhitaji. Pili, silaha yake ni mazungumzo. Anakaribishwa, anaketi, anasikiliza, anaacha watu waseme mpaka neno moja lisilokaa mahali pake lijitokeze. Tatu, na hili ndilo kubwa, yeye ni mpinzani wa ramli. Majina ya vitabu yanataja mzimu na Giningi, mji wa wachawi katika masimulizi ya Unguja. Lakini msomaji anapofika mwisho hukuta kwamba waliotenda ni watu, kwa tamaa za watu, na kwamba mzimu ulikuwa pazia tu. Katika nchi ambamo kifo kisichoelezeka kingeweza kumwangukia ajuza asiye na kosa, kitabu kinachofundisha kutafuta sababu kabla ya kutafuta mchawi hakikuwa kitabu cha kupitisha wakati tu.

Basi kazi ya Bwana Msa, ikipimwa kwa vipimo vyake yenyewe, haina hata jambo moja linalodai mwanamume. Kuketi, kusikiliza, kukumbuka nani ni nani kwa nani, kutambua uongo kwa lafudhi ya msemaji, kuingia nyumba za watu bila kuvunja mlango: hayo ni maarifa ambayo mabibi wa Unguja na wa Uiramba walikuwa nayo kabla ya kiko cha Bwana Msa kuwashwa. Mwandishi alimpa mwanamume kazi hiyo kwa kuwa zama zake zilimpa mwanamume ruhusa ya kuuliza. Kiti alichokichonga, hata hivyo, kingemfaa yeyote.

Waliomfuata hawakukikalia kiti hicho. Faraji Katalambulla, katika *Simu ya Kifo* ya mwaka wa 1965, alimhamisha mpelelezi kutoka barazani na kumweka katika kituo cha polisi cha mjini, penye simu na motokaa. Aristablus Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* ya mwaka wa 1974, na Willy Gamba ni mtumishi wa siri wa taifa. Adui zake ni makaburu na mawakala wao, na bastola imechukua mahali pa mazungumzo. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka wa 2008, alimtunga Joram Kiango, kijana mpelelezi asiye mtumishi wa serikali, hodari wa maneno na wa ngumi. Vitabu hivi vilisomwa na maelfu, vikakopwa na kuazimwa mpaka vikachakaa, na vimewafundisha watu wengi wa bara kupenda kusoma Kiswahili. Haifai kuvidharau.

Lakini mahali pa mwanamke ndani yake pamekuwa pembamba. Mara nyingi yeye ni maiti ya ukurasa wa kwanza, au mrembo aliyetumwa kumtega shujaa, au mke anayelia. Nuru wa Joram Kiango amepita hapo. Ana akili, ana ujasiri, na katika *Tutarudi na Roho Zetu?* anaingia hatarini pamoja na mwenziwe. Hata hivyo yeye ni mwenzi. Jina la mfululizo si lake, na fumbo halikuletwa mlangoni kwake. Kuna tofauti kubwa kati ya mwanamke anayesaidia kujibu na mwanamke ambaye swali limekabidhiwa kwake.

Asiseme mtu kwamba Waswahili hawakupata kumsikia mwanamke akiutangazia umma habari za mauaji. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka wa 1880 na kufariki mwaka wa 1950, alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Kiswahili kutiwa katika sahani za santuri. Alikwenda Bombay kwa kazi hiyo mwaka wa 1928. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, uliotolewa mwaka wa 1958. Katika nyimbo za Siti uko mmoja uitwao *Kijiti*, juu ya kisa cha kweli. Mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam alitendwa vibaya, kisha akauawa Unguja. Mwanamume aliyetuhumiwa akavuka bahari akatoweka, na katika mahakama lawama ikawaangukia wanawake wenziwe marehemu, kwa sababu ya tembo lililonywewa usiku ule.

Lililo kubwa katika wimbo huo ni kazi unaoifanya. Unapanga mambo kwa taratibu: nani alikuwako, nani alitoka na nani, nini kilitokea, nani alikimbia, na nani alihukumiwa mahali pake. Msikilizaji anapewa ushahidi, na anaachiwa aone mwenyewe kwamba hukumu imekosea njia. Kwa jina lingine huo ni upelelezi. Siti hakuvaa kanzu ya askari wala hakupewa ruhusa na ofisi yoyote. Ruhusa yake ilikuwa sauti yake, na kwa kuwa aliimba, hakuna aliyeweza kumwita mbea. Kwa hiyo miaka 30 kabla ya Bwana Msa, Kiswahili kilikuwa tayari na mwanamke aliyelifungua jalada ambalo mahakama ililifunga vibaya. Riwaya ilipokuja haikumkumbuka.

Kwingineko duniani mwanamke mpelelezi alitangulia kuonekana vitabuni kabla ya wanawake kukubaliwa katika polisi. London mwaka wa 1864 vilitoka vitabu viwili ambavyo wapelelezi wake ni wanawake, miaka 23 kabla ya Sherlock Holmes kuonekana. Agatha Christie alimtoa Bibi Marple katika riwaya yake ya kwanza mwaka wa 1930, mwaka ule ule Kamati ya Lugha ilipoanza kazi Afrika ya Mashariki. Marple ni mwanamwali mzee wa kijijini anayefuma sweta, naye hutatua mauaji kwa kuyalinganisha na visa vidogo vya majirani zake. Lile ambalo mtaa mwingine ungeliita umbea, mwandishi huyu aligeuza kuwa elimu. Marekani nayo, mwaka wa 1982, Sara Paretsky na Sue Grafton walitoa kila mmoja mwanamke mpelelezi wa kujitegemea, mwenye ofisi yake na kodi yake ya kulipa.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na Afrika ya Mashariki ulitokea Botswana. Alexander McCall Smith, mzaliwa wa Bulawayo aliyepata kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Botswana, alichapa mwaka wa 1998 riwaya ya Precious Ramotswe, mwanamke wa Gaborone ambaye anauza ng'ombe aliorithi kwa baba yake ili afungue ofisi ya upelelezi. Ramotswe ni mnene na hajali, ana huruma, hunywa chai yake ya kichaka, na huwauliza watu maswali kwa adabu ya nchi yake: kwanza salamu, kisha habari za mvua na za ng'ombe, na neno lililomleta huja mwisho. Watu wanampenda, nao wanamwambia. Wasomaji wa lugha nyingi wamempenda kwa sababu hiyo hiyo. Mtungaji wake ni mwanamume, tena mzungu, na wako wanaosema kwamba Botswana ya vitabu hivyo ni tamu kupita kiasi. Neno hilo lina haki yake. Hata hivyo Mswahili akimtazama Ramotswe hamwoni mgeni kabisa. Namna yake ya kazi ni ile ya Bwana Msa: kukaribishwa, kuketi, kusikiliza. Kiti kilichochongwa Unguja mwaka wa 1960 kimekaliwa Gaborone.

Na hapa lugha yenyewe inatoa ushahidi wake. Kiingereza kwa kawaida hakimtaji mtu mara ya pili bila kufichua kama ni mume au mke. Kifaransa vivyo hivyo. Mwandishi wa lugha hizo akitaka kumficha muuaji hana budi kuhangaika na viwakilishi vyake. Kiswahili hakina taabu hiyo. Aliingia, akafunga mlango, akaizima taa, akatoka: katika maneno hayo yote kiambishi a- kimemtaja mtu na hakikumtaja jinsi yake. Yeye ni yeye. Kinyiramba ni hivyo hivyo, kama zilivyo lugha za Kibantu kwa jumla. Mpelelezi, muuaji, shahidi, mtuhumiwa na marehemu ni majina ya ngeli moja, na hakuna hata moja lenye ndevu.

Kinachofichua ni mambo mengine: Bwana na Bibi, shangazi na mjomba, na kitenzi kimoja mashuhuri, ambacho mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mwandishi aliye mwangalifu angeweza kumwongoza mpelelezi wake kurasa nyingi bila msomaji kujua kama ni mume au mke, na msomaji angejaza mwenyewe kanzu na kiko. Kisha siku moja jirani anamwita shangazi, na msomaji anashtuka. Naye anayeshtuka ajue kwamba mshangao ule haukutoka katika sarufi. Sarufi haikupata kumwambia kwamba mpelelezi ni mwanamume. Alijiambia mwenyewe, kwa mazoea.

Ichukuliwe, basi, kwamba mtungaji wa leo anataka kuliweka fumbo lake Kinyangiri. Mtu amekutwa amekufa baada ya mavuno ya alizeti. Polisi watafika kwa gari, wataandika majina, watauliza maswali yao kwa Kiswahili cha ofisini, na wazee watajibu kwa Kiswahili hicho hicho cha heshima, kisichosema kitu. Ndugu mmoja atanong'ona habari za mpiga ramli. Ajuza wa nyumba ya mwisho, mjane, atafunga mlango wake mapema jioni hiyo, kwa maana anajua jina litakaloanza kutajwa. Hapo hatari ni mbili: ya muuaji kuponyoka, na ya asiyeua kuuawa. Na saa zinazobaki ni chache.

Katika hali hiyo ni nani anayeweza kuuliza na kujibiwa? Ni yule aliye na sababu ya kuingia kila nyumba: mkunga aliyewapokea nusu ya vijana wa kijiji, au mwalimu mstaafu aliyewafundisha wao na mama zao, au mwuza vitunguu anayejua nani alilipa deni na nani hakulipa. Anasema Kinyiramba jikoni na Kiswahili barazani, na anajua kwamba mtu huweza kusema uongo kwa lugha moja na ukweli ukamponyoka kwa ya pili. Hana haja ya bastola. Anachohitaji ni kwamba watu wampende kiasi cha kusahau kuwa anasikiliza. Kupendeka kwa mpelelezi wa namna hii si pambo la hadithi. Ndicho chombo chake cha kazi, kama darubini kwa tabibu.

Na mwisho wa kisa chake haungekuwa kumkamata muuaji tu. Ungekuwa pia kuufungua mlango wa nyumba ya mwisho, na ajuza kutoka nje asubuhi bila hofu. Riwaya ya Kiswahili imekwisha kuwapa wasomaji wake mpelelezi aliyeukataa mzimu. Yuko bado kiporo: mpelelezi ambaye, kwa umri wake na jinsi yake, angeweza kuwa yeye mwenyewe mtuhumiwa wa kwanza wa ramli, na badala yake amekuwa muulizaji. Huyo akitokea, mahali pa Gagool patakuwa pamejibiwa hatimaye, na mwanamke mwenye kujua siri hatakuwa tena wa kuogopwa.

Frederick Johnson alizichukua hadithi za Wanyiramba akazipeleka katika jarida la wataalamu, na akawaletea watoto wa Tanganyika hadithi za kisiwa cha mbali. Katika ngano zinazosimuliwa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki yumo binti anayeolewa na mgeni mzuri wa sura. Na yumo mdogo wake, mwenye vidonda, anayefukuzwa asifuatane nao, naye anawafuata kwa mbali, anaona usiku kwamba yule bwana arusi si mtu bali ni zimwi, na kwa akili yake anamwokoa dada yake. Huyo ndiye mpelelezi wa kwanza, wala hakungojea kupewa kanzu. Waliozisimulia ngano hizo mbele ya moto, kwa sehemu kubwa, walikuwa mabibi. Kata ilikuwamo mtungini siku zote, wanaoandika hawajaiuliza.